Bustani ya Nyumbani: Rubabi na Hosiredishi

Viazi, kabichi, karoti na njegere zilikuja katika nyanda za juu za Kenya pamoja na wageni kutoka Ulaya, na leo zimekuwa chakula cha kila siku hata watoto wengi hawajui kwamba zilikuwa ngeni. Lakini iko mimea mingine ya wageni hao ambayo haikupata bahati hiyo. Miwili kati yake ni rubabi, yenye majani mapana na vikonyo vinene vyekundu, na hosiredishi, ambayo mzizi wake ni mkali kupita figili yo yote. Wapishi wengi waliijua jikoni. Wakulima wachache waliijua shambani.

Sababu moja ni kwamba si mimea ya kushibisha. Rubabi haishindani na viazi, wala hosiredishi haijazi chungu. Hata hivyo mtu mwenye kipande kidogo cha ardhi nyuma ya nyumba, mahali penye baridi, aweza kuipanda yote miwili kwa gharama ndogo, nayo ikishika haihitaji kupandwa tena kila msimu. Hapo ndipo ilipo faida yake, na hapo ndipo ilipo hatari yake vile vile. Mahindi yakipandwa mahali pasipofaa, kosa hilo huisha siku ya mavuno. Rubabi hukaa mahali pamoja miaka 10 na zaidi. Hosiredishi haiondoki hata ikifukuzwa. Karani aliyepewa nyumba ya kazi akapanda rubabi nyuma ya jiko, kisha akahamishwa kwenda wilaya nyingine, humwachia mpangaji ajaye mmea asioujua. Na majani ya mmea huo yana sumu.

Jani lisiloliwa

Neno hili lapasa kusemwa kabla jembe halijashikwa. Katika rubabi kiliwacho ni kikonyo peke yake, yaani ule mkono mnene ushikao jani. Jani lenyewe haliliwi, liwe changa au pevu, liwe bichi au lililopikwa. Lina asidi iitwayo oksaliki pamoja na chumvi zake, kwa wingi upitao ule ulio katika kikonyo. Asidi hiyo ikiingia mwilini hushikana na kalsiamu iliyo katika damu, ikafanya chembe ngumu ziwezazo kudhuru figo. Mtu aliyekula majani hayo huona mwasho mdomoni na kooni, kisha tumbo humuuma na kutapika. Akiwa amekula mengi aweza kupumua kwa shida na kushikwa na degedege, na wako waliokufa. Kuyachemsha hakuondoi hatari, wala kutia magadi katika maji, kama ifanywavyo kwa mboga ngumu, hakusaidii kitu. Aliyeyala apelekwe hospitali upesi, na jani moja lichukuliwe ili daktari alione.

Waingereza wenyewe walijifunza jambo hili kwa msiba. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 chakula kilipokuwa haba, watu wa Uingereza walishauriwa kula majani ya rubabi badala ya mboga nyingine, na baadhi yao walikufa. Nao walikuwa watu waliokuwa na mmea huo katika bustani zao tangu siku za babu zao.

Nchini Kenya hatari yaweza kuwa kubwa zaidi, na sababu yake ni desturi ambayo kwa kawaida ni njema. Jani ni mboga. Majani ya kunde, ya malenge, mchicha, managu, sukuma wiki, yote huchumwa jioni na kuingia chunguni bila mashaka. Mama apitaye bustanini akaona jani pana, laini, lenye afya, hana sababu ya kulidhania ubaya. Tena iko spinachi ya sokoni yenye kikonyo chekundu ambayo kwa mbali hufanana na rubabi changa hata mtu mzima aweza kukosea. Mtumishi mgeni, au shangazi aliyekuja kutembea na kutaka kusaidia kupika, hawezi kulaumiwa akiyachuma. Wa kulaumiwa ni mwenye bustani aliyenyamaza.

Basi kanuni ya kwanza ya rubabi ni kwamba jani halivuki mlango wa jikoni. Kikonyo kikishang'olewa, jani hukatwa pale pale shambani, nalo hutupwa katika shimo la mboji. Huko halina madhara, kwa kuwa sumu yake huharibika jani linapooza, na mboji hiyo yafaa kwa mboga zote. Lisitupwe mbele ya mbuzi, wala kwa sungura, wala kwa kuku. Kibao kidogo chenye maneno "majani haya ni sumu", kikiandikwa kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, kikachomekwa kando ya mmea, ni kazi ya dakika tano. Na rubabi isipandwe katika tuta moja na spinachi au mchicha. Iwe na pembe yake peke yake.

Dawa iliyogeuka kuwa tunda

Jambo la kustaajabisha ni kwamba rubabi ilisifiwa kwanza kwa ajili ya mzizi wake. Wachina walitumia mzizi wa aina fulani za rubabi kama dawa ya kufungua choo tangu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na mizizi iliyokaushwa ilisafirishwa kwa ngamia na kwa meli mpaka Ulaya, ikauzwa kwa bei kubwa. Serikali ya Urusi ilipata kuishika biashara hiyo mkononi mwake peke yake. Mwaka 1839 Lin Zexu, mjumbe wa mfalme wa China aliyetumwa kukomesha biashara ya kasumba, aliandika barua kwa Malkia Victoria akimkumbusha kwamba nchi za kigeni hutegemea chai na rubabi ya China. Aliamini kwamba Wazungu wakinyimwa rubabi wataumia vibaya. Hakujua kwamba wakati huo huo wakulima wa London walikuwa wamekwisha kuanza kuuza vikonyo vya rubabi nyingine, ya kula, nao hawakuwa na haja ya mzizi.

Kilichobadili mambo ni sukari. Kikonyo cha rubabi ni kichachu mno, na bila sukari ni wachache wawezao kukila. Sukari iliposhuka bei Uingereza katika karne ya 19, rubabi ilipanda. Mwishoni mwa miaka ya 1830 bwana Joseph Myatt wa Deptford alitoa aina iliyoitwa Victoria, ambayo mpaka leo yapandwa katika nchi nyingi. Huko Yorkshire, karibu na Wakefield na Leeds, wakulima walijenga mabanda marefu yasiyo na mwanga, wakatia humo visiki vya rubabi vilivyokwisha pigwa na baridi ya nje, wakavipasha joto kwa makaa ya mawe. Mmea usipoona jua hutoa vikonyo virefu, vyororo na vitamu kidogo zaidi. Na wavunaji huingia kwa mwanga wa mishumaa ili wasiuamshe. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliilinda kwa sheria rubabi hiyo ya mabandani, hata asiyelima katika eneo hilo asiitumie sifa yake.

Marekani nako ilitokea kesi. Rubabi kwa haki ni mboga, maana haina uhusiano na tunda. Lakini mwaka 1947 mahakama ya forodha huko Buffalo, New York, iliamua ihesabiwe kuwa tunda kwa kuwa huliwa kama tunda, na ushuru wake ukapungua. Makarani wa forodha bila shaka wataona kwamba uamuzi huo ulikuwa na akili.

Mahali na udongo

Rubabi ni mmea wa baridi. Kule kwao hulala wakati wa majira ya baridi kali na kuamka joto likirudi. Kenya haina majira ya namna hiyo, lakini Limuru, Kinangop, Molo na Mau Narok, ambako ardhi iko juu ya futi 7,000 na usiku ni wa baridi, mmea huona vema. Kadiri mtu ashukavyo, ndivyo vikonyo viwavyo vyembamba na rangi nyekundu ipunguavyo. Pwani isijaribiwe. Mtu wa Mombasa au wa Kisumu atakayeitia maji kila siku ataishia kuzika kisiki kilichooza, na maji hayo yangemfaa zaidi kwa mchicha.

Udongo uwe mzito kidogo, wenye samadi nyingi, lakini usiotuamisha maji. Udongo mwekundu wa milimani hufaa sana. Udongo mweusi unaonata wakati wa mvua haufai isipokuwa mkulima ainue tuta futi moja juu ya ardhi. Jua la asubuhi na kivuli chepesi cha mchana vyafaa, hasa mahali pasipo juu sana. Lakini rubabi isipandwe chini ya mti wenye mizizi yenye kiu, kama mkalitusi, maana itashindwa.

Shimo la mmea mmoja liwe na upana wa futi 2 na kina cha futi 1 na nusu au 2. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja, uchanganywe na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri, kisha urudishwe shimoni. Samadi mbichi huunguza. Kati ya mmea na mmea ziachwe futi 4. Watu wengi wakiona kisiki kidogo kama ngumi huona umbali huo ni upotevu wa ardhi, wakapanda kwa futi 2; mwaka wa tatu majani husongamana, hewa haipiti, na ukungu huanza. Kwa nyumba moja mimea sita ni mingi kabisa, nayo huhitaji mahali pa futi 12 kwa 8.

Njia iliyo bora ni kupanda kipande cha kisiki kilichogawanywa kutoka mmea mkubwa, kiwe na jicho moja nene au zaidi. Jicho hilo liwe karibu na uso wa ardhi, lifunikwe kwa udongo usiozidi inchi moja au mbili. Na mahali penye mvua nyingi liachwe usawa wa ardhi kabisa. Jicho likizikwa sana huoza, na huu ndio ugonjwa mkubwa wa rubabi. Wengine husema mmea umekufa kwa wadudu, kumbe ulizikwa hai.

Asiyepata kisiki aweza kupanda mbegu. Mbegu hulowekwa saa chache, kisha husiwa katika kijisanduku au debe lililokatwa, na miche ikiwa na majani manne au matano huhamishwa wakati wa mvua. Lakini watoto wa rubabi hawafanani na mama yao. Katika miche 20 huenda mingi ikawa ya kijani na dhaifu, na michache tu ikawa myekundu na minene. Mkulima apande mingi kuliko anayohitaji, aingoje mwaka mmoja, achague iliyo bora na kung'oa mingine bila huruma. Miche hiyo bora ndiyo itakayogawanywa baadaye.

Kungoja ndiko kazi ngumu. Mwaka wa kwanza kikonyo hakivunwi hata kimoja, kwa maana majani ndiyo yanayolisha mizizi. Mwaka wa pili huvunwa vichache. Kuanzia mwaka wa tatu mmea waweza kutoa kwa wingi, lakini wakati wo wote nusu ya majani ibaki. Kikonyo hakikatwi kwa kisu, kwa sababu kibaki kinachoachwa huoza na kuoza huko huingia katika kisiki. Mvunaji hukishika chini kabisa, hukizungusha kidogo na kukivuta kando, nacho hutoka chote. Bua la maua likitokea likatwe mara moja, kwani maua hula nguvu ya mmea bure.

Zaidi ya hayo kazi ni chache. Samadi huongezwa kando ya mmea, si juu ya macho, kila kabla ya mvua ndefu. Majani makavu hutandazwa kuzunguka mmea ili udongo usikauke, na katika miezi ya kiangazi maji hutiwa kwa wingi mara moja au mbili kwa juma, si kikombe kikombe kila siku. Konokono wachungwe, na fuko pia. Mahali penye sakitu, kama Kinangop katika usiku mweupe wa Januari, vikonyo vilivyolegea na kuwa vyeusi kwa baridi vitupwe pamoja na majani yake; hudhaniwa kwamba asidi ya jani huweza kushuka ndani yake, na hata kama haishuki, ladha imekwisha haribika. Baada ya miaka mitano au sita mmea ukianza kutoa vikonyo vyembamba, hung'olewa, kisiki hugawanywa kwa panga, na vipande vyenye macho mazuri hupandwa mahali papya.

Kuhusu kupika, yako mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni chombo. Rubabi isipikwe katika sufuria ya alumini. Asidi yake hula chuma hicho, na mpishi ataona sufuria iliyokuwa nyeusi imetoka ikimetameta kama mpya. Ung'avu huo ni alumini iliyokwenda katika chakula. Chombo cha enameli kisichobanduka, au cha chuma kisichoshika kutu, ndicho kinachofaa. La pili ni afya ya mlaji. Kikonyo nacho kina asidi oksaliki, ingawa si nyingi kama ya jani; mtu aliyepata kuugua mawe ya figo afadhali aiache.

Vikonyo huoshwa, hukatwa vipande vya inchi moja, hutiwa maji kidogo sana kwa kuwa vina maji yake, na kupikwa kwa moto mdogo mpaka vilainike. Sukari hutiwa kwa kadiri ya ulimi. Tangawizi mbichi iliyopondwa huipendeza rubabi kuliko kiungo kingine cho chote. Jamu yake hukaa miezi mingi katika chupa zilizochemshwa, nayo huufaa mkate na chapati. Mwenye kufanya hesabu ataona kwamba sukari ndiyo gharama kubwa ya jamu hiyo, na rubabi karibu ni ya bure; basi asiyekuwa na ulimi wa vitu vitamu asihangaike kupanda mimea sita. Miwili yatosha.

Hosiredishi, mzizi usiokufa

Hosiredishi ni jamaa ya kabichi na haradali, na kwao ni Ulaya ya mashariki na kusini. Majani yake ni marefu, ya kijani, hufikia futi mbili na zaidi. Kinachotakiwa ni mzizi, mweupe ndani, mrefu kama karoti iliyochongoka. Mzizi ukiwa mzima hauna harufu. Ukikwaruzwa tu, vitu viwili vilivyotengwa ndani yake hukutana na kufanya mafuta makali yapandayo puani na kuyatoa macho machozi. Ukali huo si wa pilipili. Pilipili huunguza ulimi na kukaa, hosiredishi hupiga pua na kuondoka.

Waingereza huila pamoja na nyama ya ng'ombe iliyookwa, Wajerumani na Wapolandi pamoja na samaki na soseji, na Wayahudi wengi huitumia katika karamu ya Pasaka yao kuwa ukumbusho wa uchungu wa utumwa wa Misri. Marekani, mji wa Collinsville katika Illinois umejulikana sana kwa kilimo chake katika udongo laini wa bonde la mto Mississippi. Tena ile wasabi ya kijani iletwayo na samaki mbichi katika mikahawa ya Kijapani iliyo nje ya Japani, mara nyingi si wasabi bali ni hosiredishi iliyotiwa rangi.

Watu wa pwani wasichanganye mmea huu na mzunze, ambao wengine huuita mlonge. Waingereza waliokuwa India waliuona mzizi wa mti huo una ukali unaofanana na wa hosiredishi, wakautumia badala yake, na kwa hiyo wakaupa mti jina la hosiredishi. Mimea hiyo si ndugu. Majani ya mzunze ni mboga njema, lakini mzizi wake, hasa ganda lake, una vitu vyenye kudhuru, na haufai kutiwa mezani.

Hosiredishi haipandwi kwa mbegu, kwa kuwa aghalabu haizai mbegu zifaazo. Hupandwa vipande vya mizizi ya pembeni, vyenye unene wa penseli na urefu wa inchi 8 hivi. Mkataji hukata ncha ya juu sawasawa na ncha ya chini mshazari, ili siku ya kupanda asije akakipanda kichwa chini. Kipande hulazwa kwa kuinama katika udongo uliochimbwa sana, ncha ya juu ikiwa inchi 2 chini ya uso, na kati ya vipande ziachwe futi 1 na nusu. Udongo ukiwa na mawe mizizi hupinda na kugawanyika kama vidole, na hakuna awezaye kuikwaruza. Samadi iwe ya zamani. Samadi mbichi huleta vidole hivyo hivyo.

Mkulima atakaye mzizi mmoja mnene hufanya kazi moja zaidi. Majani yakifikia urefu wa inchi 8 au 10, huufukua udongo wa juu taratibu, huufuta mzizi kwa kitambaa au kwa mkono mpaka vijizizi vya upande wa juu vitoke, akaacha vile vya chini, kisha huurudisha udongo. Hufanya hivyo tena baada ya juma sita. Ni kazi ya subira, nayo ndiyo itofautishayo mzizi wa kuuza na mzizi wa kutupa.

Baada ya miezi 8 mpaka 12 mizizi huwa tayari. Na hapo mkulima hugundua tabia ya mmea huu. Kila kipande kinachobaki ardhini, hata kiwe kidogo kama kidole cha mtoto, huchipua. Kulima kwa jembe humzidishia maadui, kwa kuwa jembe hukata kipande kimoja kuwa vitano. Trekta ni mbaya zaidi. Ziko bustani Ulaya ambazo wenyewe wameshindana na hosiredishi ya wapangaji waliotangulia miaka mingi, wakashindwa.

Kwa sababu hiyo, katika bustani ya nyumbani hosiredishi ipandwe ndani ya chombo. Pipa lililokatwa katikati, ambalo halikupata kubeba mafuta wala dawa za wadudu, likatobolewa matundu chini, likasimamishwa juu ya mawe, lafaa kabisa. Likisimamishwa juu ya udongo mtupu mizizi itapita katika matundu na kutoroka. Pipa hilo liwe mbali na kabichi na sukuma wiki, kwa kuwa ni ukoo mmoja, na vidukari na viwavi wa kabichi huenda wakahama kutoka huku kwenda kule. Ng'ombe na mbuzi wasiachwe kula majani wala mizizi, maana kwa wingi huwadhuru matumbo.

Ambaye tayari ameivamiwa na hosiredishi asiilime. Aichimbe kwa jembe la meno, afuate kila mzizi kwa mkono mpaka mwisho, kisha kila chipukizi likitokea alikate kabla halijafikia inchi chache. Chipukizi lisipopata jua la kutosha, mzizi hula akiba yake na mwisho hufa. Kazi hiyo huchukua misimu, si majuma. Vipande vilivyochimbuliwa vianikwe juani mpaka vikauke kabisa; visitiwe katika mboji, kwani vitarudi shambani pamoja nayo.

Kuandaa mzizi ni kazi ya nje ya nyumba, mkwaruzaji akisimama upande upepo utokako. Mzizi huoshwa, humenywa, hukwaruzwa kwa kibati cha karoti. Ukiachwa dakika tatu ukali huzidi. Kisha hutiwa siki na chumvi kidogo, na siki huuzuia ukali usiendelee wala usipotee upesi. Aliye na haraka ya kutia siki hupata kitu cha upole. Huwekwa katika chupa iliyofungwa mahali pa baridi, nao huanza kufifia baada ya majuma machache. Usipikwe, kwani moto huufukuza ukali wote. Kijiko kimoja kikichanganywa na malai au maziwa mala mazito, kikaliwa na nyama choma kando ya kachumbari, mara nyingi hata asiyependa vitu vya kigeni huomba kijiko cha pili.

Habari ya kuuza

Mkulima asidanganyike na bei aliyoiona imebandikwa dukani Nairobi. Rubabi na hosiredishi hununuliwa na watu wachache: hoteli, maduka makubwa na baadhi ya nyumba. Katika soko la kijijini, gunia la hosiredishi laweza kukaa mpaka likauke. Mnunuzi atafutwe kwanza, aulizwe ataka kiasi gani kwa mwezi na kwa muda gani, ndipo mimea iongezwe. Na vikonyo vya kuuza vifungwe bila majani, au na kishungi kifupi tu, ili mnunuzi asiyejua asipelekewe sumu pamoja na chakula.

Wengine wana watoto au ndugu walio Uingereza au Ujerumani, na huwaza kuwaomba vipande vya mizizi vitiwe katika sanduku la safari. Jambo hilo haliruhusiwi. Mmea wo wote utokao nje huhitaji kibali cha idara ya ukaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS, kipatikane kabla haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya kutoka nchi unakotoka. Ugonjwa wa kabichi uliojificha katika kipande kimoja cha hosiredishi waweza kuingia katika mashamba ya wilaya nzima. Ni rahisi zaidi kuulizia kwa mtu wa karibu aliye na mmea mkubwa, maana kisiki cha rubabi kisipogawanywa hudhoofika, na mwenyewe mara nyingi hufurahi kupunguziwa.

Karani anayehama aweza kwenda na rubabi yake. Kisiki hung'olewa wakati wa mvua pamoja na udongo wake, majani yote hukatwa na kuzikwa katika mboji, nacho hufungwa katika gunia lililolowa maji. Kikikaa kivulini hustahimili siku kadhaa njiani. Atakachokiacha ardhini amwonyeshe ajaye, na kibao kising'olewe.